Herufi Kubwa za Mzee Onzima

Mariam Poni alipoingia ofisi ya ujenzi ya Arua, mwanzoni mwa mwaka 1979, hakuna aliyemtaka pale. Alikuwa msichana ambaye ndio kwanza amemaliza shule, binti wa sajenti wa Koboko. Baba yake alizungumza na mkubwa fulani, mkubwa akazungumza na mwenzake, mwisho Mariam akaletwa mpaka kwenye meza ya mchoraji ramani aitwaye Onzima, mtu wa Aroi, mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye wakati huo bado hajaitwa mzee. Onzima alimtazama vidole kabla ya kumtazama uso. Akampa kalamu ya wino na karatasi ya kunakilia, ile nyororo inayopitisha mwanga, akamwambia aandike tarakimu tu, moja mpaka tisa na sifuri, mstari chini ya mstari.

Mchana Onzima aliichukua karatasi ile akatoka nayo uani, palipokuwa na jua kali. Akailaza juu ya rundo la matofali.

"Kuja," akamwita. "Simama hapa, soma."

Mariam akakodoa macho. Karatasi ilikuwa inang'aa, na zile nane alizoziremba tangu asubuhi hazikutofautiana na tatu.

"Umeandika vizuri, lakini umeandikia meza," Onzima akasema. "Mwashi hasomi mezani. Yeye iko na jua kwa macho, iko na saruji kwa mikono, na ramani imelala chini. Rudi ndani, andika tena."

Alisema hayo mbele ya makarani wote, na Mariam akaenda kulia penye bomba la maji nyuma ya ofisi. Lakini kesho yake alirudi. Walizungumza Kiswahili kwa sababu yeye alikuwa Mkakwa na mwalimu wake Mlugbara, na kila mmoja alikielewa Kiswahili cha mwenzake kwa namna yake. Kila alipokosea aliambiwa papo hapo, hadharani, bila kupakwa mafuta. Kila alipopatia, Onzima alinyamaza tu, na Mariam akajifunza kuusubiri ule ukimya kama wengine wanavyosubiri sifa.

Hawakufika mbali. Katikati ya mwaka huo vita vilifika. Askari wa serikali iliyoanguka walipita Arua usiku na mchana wakielekea mpakani, na malori yao yakiwa yamejaa magodoro na mbuzi. Baba yake Mariam alipita pamoja nao, na hakupata nafasi ya kusimama. Siku ambayo ofisi ilifungwa, Mariam alibaki amekaa kwenye ngazi na mfuko wa nguo, hajui barabara ya Koboko ina watu gani ndani yake. Onzima ndiye aliyemwinua. Akamchukua mpaka nyumbani kwake Aroi, na kutoka hapo wakatembea yeye, mkewe Filda, watoto wao na Mariam, wakishika vijia vya mashambani kuelekea Zaire.

Siku zile, kuwa na binti wa sajenti wa jeshi lililoshindwa kwenye kundi lako ilikuwa sawa na kubeba kaa la moto kwenye shuka. Filda alimvalisha kitenge chake cha zamani na kumtwika mtungi. Mahali fulani karibu na mpaka walisimamishwa na vijana wenye mapanga, wakawa wanauliza kila mtu kwao ni wapi. Kijana mmoja alimnyooshea Mariam kidole.

"Na huyu?"

"Huyu ni wangu," Onzima akajibu, na akaendelea kutembea.

Waliachana Ariwara, ndani ya Zaire, sokoni, Mariam alipopata lori la watu wa Koboko waliokuwa wakienda Sudan. Filda alimfungia mihogo ya kuchoma ya kula njiani. Onzima alimpa mkono, akamwambia asiache kuandika, mkono ukilala unasahau.

Mkono haukulala. Huko upande wa Yei, ambako Waganda walikaa ukimbizini miaka mingi, Mariam aliandika mbao: ghala la unga, zahanati, kisima hiki si cha kufulia. Aliolewa na dereva aitwaye Lokule, akafiwa naye. Vita vya Sudan vilipowafukuza tena kurudi Uganda mwaka 1986, alikuta nyasi zimeota ndani ya nyumba ya baba yake Koboko, na baba mwenyewe hakurudi kamwe. Alilima pamoja na mama yake, aliyerudi pia, akauza chumvi na sabuni sokoni. Kisha shirika moja la maji na ujenzi lilifungua ofisi Arua, kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan waliokuwa wakimiminika upande huu safari hii, na mtu mmoja akakumbuka kwamba yule mama wa mbao anajua kuchora ramani.

Kompyuta ililetwa mwaka 1995. Waliiweka kwenye chumba chenye pazia nene, na jenereta ikawekwa nyuma ya ukuta. Pamoja nayo ilikuja plota, mashine ndefu iliyoshika kalamu yenyewe na kuipitisha juu ya karatasi kubwa. Mgeni mmoja alimfundisha Mariam kwa wiki chache, akaondoka, akamwachia kitabu kinene cha Kiingereza. Yaliyobaki ilibidi ayatafute mwenyewe.

Jambo lililomtesa zaidi lilikuwa herufi. Ndani ya mashine ile kuna mambo mawili ambayo mgeni huyachanganya. Moja ni kukuza unachokiona. Unaomba kuletewa chumba fulani karibu, nacho kinajaa kioo chote pamoja na maandishi yake, lakini ramani yenyewe haijabadilika hata kidogo. Ni kama mtu aliyesogeza karatasi karibu na pua. Jambo la pili ni kimo cha herufi yenyewe. Ukikibadilisha hicho, umebadilisha ramani, na kalamu ya plota itakufuata. Mara ya kwanza Mariam alikuza chumba, akaandika vipimo, akaona vinapendeza, akachapa. Tarakimu zikatoka kama mayai ya chawa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba jengo ndani ya mashine limechorwa kwa ukubwa wake halisi, hivyo kama karatasi italipunguza mara mia, na herufi nazo lazima ziandikwe kubwa mara mia. Herufi ya milimita tatu inaandikwa mia tatu. Siku alipoielewa hesabu hiyo alitamani kuna mtu wa kumwambia, na aliyemjia akilini alikuwa Onzima.

Alimpata bila kumtafuta. Alikwenda Aroi kupima chemchemi, na mtu aliyekuwa amekaa kando ya banda la tumbaku akageuza kichwa aliposikia maongezi.

"Sauti hiyo ni ya binti ya sajenti," akasema.

Mariam alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Onzima alikuwa mzee sasa, amekonda, na macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Alikuwa amemtambua kwa sauti kwa sababu uso hakuuona. Filda alileta kiti na chai, akaeleza. Mumewe alikaa miaka mingi kando ya mto wakati wa kukimbia, akaumwa na wale inzi weusi, na sasa macho yanakwenda. Daktari wa hospitali ya Kuluva alimpa dawa, akasema itaua wadudu walio mwilini lakini haitarudisha kilichokwisha kuharibika.

"Naona bado," Onzima akasema. "Kitu kikubwa naona. Mtu naona amesimama. Maandishi ndiyo yamekataa."

Mariam alirudi mjini akiwaza kukuza. Asubuhi iliyofuata aliingia kwa Injinia Ocama, mkubwa wa ofisi, aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba kazi ni nyingi na mchoraji ni mmoja.

"Mchoraji asiyeona?" Ocama akauliza.

"Mashine inakuza, Injinia. Nipe mwezi mmoja."

Ocama alikuwa mtu mwenye haraka lakini si mtu mbaya. Akakubali.

Siku aliyokaa Onzima mbele ya kompyuta mara ya kwanza, Mariam alifungua ramani ya shule na kukuza mahali palipoandikwa upana wa dirisha, akaendelea kukuza mpaka tarakimu moja, nane, ikajaa kioo. Mzee alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akafuta macho, akasema ile nane imepinda kidogo upande wa juu. Mariam akacheka mpaka Ocama akachungulia mlangoni.

Walifanya kazi vizuri. Onzima alikuwa na ramani za majengo kichwani, alijua ukuta unavyokutana na ukuta, na mistari aliichora bila taabu kwa sababu mistari mirefu aliiona. Taabu ilikuwa kuandika. Mashine ilikuwa nzito. Kila ulipokuza au kupunguza, ilichora upya kila kitu, mstari baada ya mstari, na mzee alipokuwa akisubiri alipoteza mahali alipokuwa.

"Nikiingia ndani sijui niko chumba gani," akamwambia Mariam siku moja, amechoka. "Nikitoka nje naona nyumba, lakini herufi hakuna."

Mariam alifikiri, akafanya jambo lililoonekana jepesi. Akabadilisha kimo cha herufi za mzee. Akakipandisha, akakipandisha tena, mpaka mzee akaweza kuona jengo zima na kusoma maandishi yake bila kukuza chochote. Zilikuwa herufi za ajabu. Neno la choo lilifunika choo na nusu ya veranda.

"Sasa?" Mariam akauliza.

"Sasa naona." Onzima alikaa wima kama zamani. Kisha akauliza, "Na kwa karatasi itatoka sawa?"

Hapo ndipo maneno yalipotakiwa. Mariam angeweza kusema: Hapana, Mzee, hizi ni kubwa mno, nitazipunguza kabla ya kuchapa. Sentensi moja tu. Lakini aliuona ule mgongo ulionyooka, akakumbuka banda la tumbaku, na ulimi ukaenda njia nyingine.

"Itatoka sawa," akasema.

Tangu siku hiyo, kila mzee alipoondoka jioni, Mariam alibaki akizipunguza herufi zile moja moja na kuzisogeza ziingie mahali pake. Karatasi zilitoka safi. Ocama akasifu, Onzima akasikia sifa, na nyumbani Aroi Filda akasema mumewe ameanza tena kula vizuri. Mariam alijiambia hakuna aliyeumia. Alikusudia kumweleza, lakini kila wiki iliyopita ilifanya maelezo yawe mazito zaidi, kama jiwe ulilolisogeza kando ukisema utaliondoa kesho.

Mwaka 1996 mama yake aliugua Koboko. Habari zilimfikia asubuhi, na msafara uliokuwa unaondoka siku hiyo ulikuwa mmoja, kwa sababu barabara ilikuwa na waasi na magari yalikwenda pamoja yakisindikizwa na askari. Mariam alichukua begi, akamwambia Ocama anaondoka, akakimbia. Ndani ya kompyuta kulikuwa na ramani ya wodi ya wazazi ya Adumi, ambayo mzee alikuwa ameimaliza kuandika jana yake, na Mariam alikuwa hajazipunguza herufi zake.

Wageni walikuja Arua siku mbili baadaye, watu wa shirika na wazee wa Adumi, wakataka kuona wodi yao. Ocama mwenyewe alijua kubonyeza vya kutosha kuchapa. Aliwakaribisha kwenye chumba cha plota waone mashine ikifanya kazi, na Onzima akaketi kwenye benchi karibu na ukuta, amevaa koti, kwa kuwa ramani ilikuwa yake. Kalamu ikachora kuta vizuri. Halafu ikaanza kuandika. Ilikwenda ikirudi, ikichora herufi nene kama magogo, moja juu ya nyingine, zikafunika vitanda, zikafunika milango, zikatoka nje ya jengo mpaka pembeni mwa karatasi. Wageni walitazamana. Kisha Draku, msimamizi wa waashi, mtu wa mzaha kila mahali hata msibani, akasema kwa sauti, "Leo mzee ameandika kwa jembe."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa kichekesho.

Onzima alikuwa akitabasamu pamoja nao, akidhani ni mzaha tu ambao hakuuelewa. "Mnacheka nini?" akauliza.

Akasimama, akaenda kwenye mashine, akainama juu ya karatasi ile. Na karatasi ile, peke yake kati ya karatasi zote za miaka hiyo, aliweza kuisoma. Aliisoma yote. Kisha akachukua kofia yake, akawaaga wageni kwa heshima, akatoka. Ocama alimfuata mpaka barabarani akimwambia ni hitilafu tu ya mashine, apande gari apelekwe. Mzee alishukuru, akatembea kwa miguu mpaka Aroi.

Mariam alirudi baada ya mama yake kupata nafuu. Ocama alimwonyesha karatasi iliyokunjwa kabatini, na Mariam hakuhitaji kuelezwa. Alikwenda Aroi siku hiyo hiyo. Alimkuta Onzima amekaa nje akipukuchua mahindi kwa kupapasa. Filda alimkaribisha, kisha akaingia jikoni akawaacha.

"Mzee, nimekuja."

"Nimesikia. Mama yako?"

"Anaendelea vizuri."

"Mungu ashukuriwe." Akapukuchua gunzi jingine. "Zile herufi. Wewe ulijua?"

"Nilijua, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyezikuza. Nilikuwa nazipunguza jioni, ukishaondoka."

Mzee alinyamaza. Haukuwa ule ukimya wa zamani wa kupatia.

"Nilitaka uone," Mariam akasema. "Sikutaka ujisikie vibaya."

"Mimi nilikukosoa mbele ya watu," Onzima akasema taratibu. "Ulilia, nilijua unalia. Lakini sikukudanganya hata siku moja. Kama ungeniambia, mzee, hii ni kubwa, nitaipunguza, mimi ningesema sawa, ipunguze. Hiyo ingekuwa kazi, wewe yako, mimi yangu. Lakini hii nyingine ilikuwa huruma. Na mimi nilikuwa nafikiri nafanya kazi."

Mariam alipiga magoti, kama binti anavyopiga mbele ya baba. Onzima akamwambia ainuke, chini kuna vumbi. Akamwita Filda alete chai. Mariam alipomsihi arudi ofisini, mzee alitikisa kichwa, bila hasira, akasema macho yamechoka na mahindi yanataka mikono. Wakati wa kuagana akamwita Madamu. Zamani alimwita binti.

Wiki zilizofuata Mariam alifanya kazi bila kuongea na mtu. Alasiri moja alikuwa akitafuta ndani ya kile kitabu kinene namna ya kuchora paa, akapindua kurasa nyingi kupita kiasi, na macho yake yakaangukia picha ya kioo kilichogawanywa mara mbili. Akasoma. Kumbe mashine iliweza kugawa kioo. Upande mmoja unabaki na jengo zima, upande wa pili unaonyesha kipande kimoja kimekuzwa, na unachoandika huku kinaonekana kule. Herufi zenyewe zinabaki na kimo chake halali cha karatasini. Mtu angejua yuko chumba gani, na angeona anachoandika. Alijaribu pale pale. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Alikaa akikitazama kioo mpaka jenereta ikazimwa. Jambo lile lilikuwa mle ndani tangu siku kompyuta ilipoletwa. Kama angemwambia mzee ukweli siku ile, wangelitafuta wote wawili, kwa sababu mzee hakuwa mtu wa kuacha jambo, angemwambia soma kitabu, soma tena. Uongo ulipofanya kazi, hakukuwa na sababu ya kutafuta.

Alitaka kwenda Aroi Jumamosi. Ijumaa Ocama alimtuma Koboko kupima visima, kazi ya siku chache, na baada ya kufika huko gari moja likakanyaga bomu la ardhini na barabara ikafungwa. Alikaa Koboko nyumbani kwa mama yake, kila asubuhi akienda kituoni kuuliza kama magari yanaondoka. Alituma salamu kwa mtu aliyepita upande wa Zaire: amwambie Mzee Onzima kwamba kuna njia nyingine, asubiri. Salamu zilifika, ila yule mtu alisema tu kwamba Madamu Poni anamsalimu.

Barabara ilipofunguliwa mvua zilikuwa zimekwisha. Mariam alishuka Arua na, kabla hata ya kufika anapoishi, akaomba gari la ofisi limpeleke Aroi. Alimweleza Onzima yote akiwa amesimama, kioo kinavyogawanyika, herufi zinavyobaki na kimo chake. Safari hii hakuficha kitu. Alisema pia kwamba njia hiyo ilikuwapo siku zote na yeye hakuitafuta.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Inafanya hivyo kweli?" akauliza.

"Inafanya, Mzee. Nimejaribu."

"Filda, nipe koti."

Ofisini Draku alikuwa mlangoni. Alivua kofia, akasema, "Mzee, karibu," akasogea kando, hakuna mzaha. Onzima akaketi mahali pake. Mariam akafungua ramani ya wodi ya Adumi, iliyokwisha rekebishwa, akagawa kioo.

"Upande wa kushoto ni jengo zima. Kulia ni mlango mkubwa na kipimo chake. Unaona?"

Mzee alisogea. Alisogeza kichwa kushoto, kisha kulia, akanyanyua kidevu kama mtu anayetafuta harufu.

"Ngoja nikuze," Mariam akasema. Akakuza. Tarakimu zikajaa upande wote wa kulia. "Na sasa?"

"Kuza tena."

Akaondoa mgawanyo, akaipa tarakimu moja kioo chote. Mistari yake ikawa minene, ikakatika pembeni, ikabaki kipande tu cha duara cheupe juu ya weusi. Onzima aliweka kiganja kwenye kioo, akakipitisha polepole kutoka juu mpaka chini.

"Iko na joto," akasema. Kisha akasema, "Mwanga naona. Mahali iko mwanga naona. Zaidi ya hapo hakuna, Madamu. Mwezi uliopita labda."

Mkono wake ungali kwenye kioo, mzee akamwomba amsomee. Akamsomea wodi nzima, chumba kwa chumba, na Onzima akaitikia kwa kichwa kila kuta zilipokutana. Walipomaliza Draku akajitolea kumrudisha kwa gari, na njiani, kama alivyosimulia baadaye, alimwomba msamaha. Mzee alimwambia hapakuwa na kosa, karatasi ilikuwa inachekesha kweli. Waliongea habari za tumbaku mpaka Aroi, na tangu hapo Draku akawa anapita kumsalimia.

Mariam naye alipita. Alipeleka sukari, sabuni, mara moja redio. Onzima alimpokea vizuri kila mara, akamuuliza habari za kazi, akasikiliza majibu, akamshukuru. Hakumlaumu tena. Labda kama angemlaumu, kungekuwa na mlango wa kuingilia. Alikuwa na adabu kwake, adabu ile ambayo mtu humpa mgeni, na Mariam alirudi mjini kila mara akiwa na maneno ambayo hakupata pa kuyaweka.

Wodi ya Adumi ilijengwa. Shirika likafungua ofisi ndogo Koboko, Mariam akahamishiwa huko na kompyuta yake, karibu na mama yake, na watu waliona amepata bahati. Ziara zake Aroi zikapungua, kwanza kwa sababu ya barabara, kisha kwa sababu ya mazoea.

Onzima alifariki mwaka 1998, wakati wa kupanda. Habari zilifika Koboko zimechelewa, na Mariam alipofika Aroi kaburi lilikuwa limekwisha fukiwa na watu wengi wamerudi makwao. Filda alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wawili wa ukoo. Alimshika Mariam mkono, akamketisha kando yake, akaagiza aletewe chakula, ingawa Mariam alisema ameshiba.

Filda akamweleza jinsi ugonjwa ulivyoanza kifuani, na jinsi mwisho ulivyokuwa mtulivu.

"Alikuwa anauliza watu wanaotoka Koboko," Filda akasema. "Yule Poni bado iko kwa ile mashine? Wanamwambia bado iko. Anasema, vizuri."

Mariam aliinamisha kichwa. Mmoja wa wale wanawake alisimama akaenda kuondoa mahindi yaliyoanikwa, maana wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa mpakani.

"Hakusema kingine, Mama?"

Filda alifikiri kweli, kama mtu anayetaka sana kukumbuka.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Kula kwanza, mvua inakuja."